Fedha za Shule Zimfuate Mtoto

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo wa Ngombezi, Korogwe)



   Najua wengine mmetoka moja kwa moja shambani na hamjanawa vizuri utomvu wa mkonge. Basi sitawaweka sana.

Mara ya mwisho nilipokuja hapa tulisoma pamoja tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa shule. Tulisoma vizuri, mstari kwa mstari. Tulipofika katikati mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, hili neno ruzuku maana yake nini?" Nilimjibu haraka haraka. Nikasema ruzuku ni fedha za Serikali kwa shule. Jua lilikuwa linazama, na wengi wenu mlikuwa na safari. Lakini njiani nikafikiri, ah, jibu lile halikutosha. Ni kama mtu akuulize mvua ni nini, nawe umjibu kuwa ni maji.

Leo nimekuja kulimaliza jibu lile. Nitasema pia habari ya watoto ambao fedha hizo huwapotea njiani. Hao ni watoto wa watu wanaohama.

Tuanze na hesabu, maana hesabu mnaijua. Mwezi wa Januari mwaka 2016 Serikali ilianza mpango wa elimumsingi bila malipo. Wazazi waliambiwa wasitoe ada wala michango ya lazima. Badala yake Serikali ikapanga kuleta fedha yenyewe. Kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununulia vitabu. Shilingi 6,000 zilitumwa shuleni kwa matumizi ya shule. Hiyo ndiyo ruzuku.

Sasa shikeni kalamu. Chukua shule yenye watoto 400. Zidisha mara 6,000. Unapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12. Unapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki, alipie karatasi za mitihani, atengeneze mlango uliong'oka, anunue mpira. Mnaona wenyewe kuwa si fedha nyingi. Lakini shule ikizikosa, inaumwa.

Haya. Tuseme watoto 60 wa shule hiyo wamehama na wazazi wao. Wanabaki 340. Mara 6,000 ni shilingi 2,040,000 kwa mwaka, yaani shilingi 170,000 kwa mwezi. Shule imepungukiwa shilingi 30,000 kila mwezi. Je, kuna mlango uliopungua? Kuna dirisha lililopungua? Paa ni lile lile. Choo ni kile kile.

Na wale watoto 60 je? Wamefika mahali pengine. Kama shule ya huko imewaandika, shilingi 30,000 zitawafuata huko. Kama haikuwaandika, fedha hizo haziko huku wala haziko kule. Watoto wataingia darasani, watakaa chini mwishoni, watatumia chaki ya wenzao. Mwalimu atawaona kuwa ni mzigo. Na mzigo, ndugu zangu, watu hutafuta pa kuutua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Serikali haihesabu miembe iliyopo shuleni. Inahesabu majina yaliyoandikwa. Mtoto asiyeandikwa hana fedha, hata kama yuko pale darasani na kikaptula chake, anakuangalia.

Hapa Ngombezi habari ya kuhama si ngeni. Sisi wenyewe tumetokana na watu waliohama. Wazee wetu wengi waliletwa kukata mkonge. Walikuwapo Waha, Wanyamwezi, Wabena, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Tangu mwaka 1944 ilikuwapo ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU, kazi yake kutafuta watu mikoa ya mbali na kuwaleta huku. Mtu alipewa mkataba, akapewa na namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Miaka ile ya 1960 nchi yetu iliweza kutoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka mmoja. Kila uzi wa tani hizo ulipita katika mikono ya mtu mwenye namba. Watoto wao walikulia makambini, leo kambi hii, kesho kambi ile.

Ajabu ya dunia. Babu zetu waliitwa kwa namba na hawakupenda. Leo mjukuu anaikosa chaki kwa sababu hana namba.

Na bado tunahama. Mkata mkonge yuko Ngombezi mwaka huu, mwakani utamkuta Hale, au Mwelya, au Magunga. Na huko nyikani, upande wa Handeni na upande wetu wa Korogwe, wako ndugu zetu Waparakuyo na Wamasai. Mvua ikikataa, ng'ombe hawangojei muhula wa shule uishe.

Sasa nitawaambia jambo langu mwenyewe. Si la kujivunia.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya nyikani. Sitaitaja. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, najiona najua. Darasani mwangu alikuwamo mtoto wa mfugaji, mwembamba, mpole, mwepesi wa hesabu za kutoa. Alikuwa akihesabu kwa kutazama juu darini, kana kwamba ng'ombe wamepangwa pale. Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Siku moja hakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Wenzake wakaniambia, "Wamehama, mwalimu. Wamefuata majani."

Katika daftari la mahudhurio niliandika kila siku alama ya kutokuwepo. Ilipofika miezi mitatu nikaambiwa nisafishe daftari, maana idadi ilikuwa inatakiwa juu. Nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari kwenye jina lake. Pembeni nikaandika neno moja: mtoro.

Mtoro ni mtoto anayeikimbia shule. Yule hakuikimbia. Baba yake alikuwa anakimbia njaa ya mifugo, naye mtoto ni wa kufuata baba. Lakini katika daftari hakuna safu ya kuandika "amefuata majani."

Mvua iliponyesha akarudi. Alisimama mlangoni asubuhi, miguu ina vumbi la safari. Nikamwambia jina lako halimo, nenda ukamlete baba. Baba alikuwa mbali na ng'ombe. Mtoto alingoja chini ya mti mpaka saa nne, kisha akaenda zake. Sikumfuata. Nilikuwa na watoto 80 ndani. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka juzi nilifungua darasa jipya la kisomo. Siku ya kwanza, walipokuwa wakiandika majina, kijana mmoja mrefu akaniangalia, akacheka. Mimi sikumtambua. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilirudi." Maneno hayo tu. Sikuwa na la kumjibu. Nikampa kalamu, akaandika jina lake, nami nikaliangalia lile jina kwa muda.

Basi mkiniona leo nasema kwa uchungu, msidhani nimesoma kitabuni tu.

Kukata fedha za shule kuna sura nyingi, na si kila mara hutangazwa. Wazee hapa mnaikumbuka miaka ya 1970. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 1977 ukaja mpango wa kila mtoto aende shule. Tukafika mahali ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikaribia asilimia 98. Kisha nchi ikapatwa na hali ngumu. Vita vya Kagera vimekwisha, mafuta yamepanda, mazao yetu hayana bei. Katikati ya miaka ile michango na ada zikarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Na nani aliyetoka shuleni kwanza? Mtoto wa ofisa hakutoka. Alitoka mtoto wa kambini na mtoto wa mfugaji. Ada ilifutwa tena mwaka 2001.

Iko sura nyingine ya kimya zaidi. Ile shilingi 10,000 kwa mtoto haikubuniwa mwaka 2016. Ilianza na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002. Miaka 14 ikapita, kiwango ni kile kile. Muulize mwenye duka kama shilingi 10,000 ya mwaka 2002 na ya mwaka 2016 zilinunua sukari sawa. Hakuna aliyeandika barua ya kupunguza. Fedha ilijipunguza yenyewe mfukoni.

Lakini iko sura ya tatu, na hii ina barua. Na barua hiyo inatuhusu sisi wa huku kwa sababu ilitaja Handeni. Kutoka Korogwe mjini mpaka Handeni mjini ni kilomita 65 za lami. Ni jirani zetu.

Mnajua Ngorongoro. Eneo lile liliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1959. Wafugaji waliokuwa wakikaa Serengeti waliondolewa kule wakaambiwa wakae Ngorongoro pamoja na wanyama. Wakati huo watu walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Miaka 60 baadaye walikuwa zaidi ya 100,000. Serikali ikasema watu na mifugo wamezidi, hifadhi itakufa. Ikatenga eneo katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikajenga nyumba za kuwahamishia wale watakaokubali. Ilisema hakuna atakayelazimishwa.

Sasa tazameni tarehe, maana tarehe husema kweli hata watu wakibishana. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na UVIKO. Shilingi trilioni 1.3. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Shule shikizi mnazijua. Ni zile ndogo zinazoshikizwa kwa shule kubwa, ili watoto wa vitongoji vya mbali wasitembee sana. Hizo ndizo shule za wafugaji hasa. Shule za Ngorongoro nazo zilipangiwa sehemu yake katika fedha za UVIKO.

Mwishoni mwa Machi 2022 zikatoka barua za Halmashauri ya Ngorongoro. Barua zilisema fedha za UVIKO zilizokuwa za shule za ndani ya hifadhi zihamishiwe Halmashauri ya Handeni. Zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 350.

Fedha zilihama mwezi wa Machi. Je, watu wa kwanza waliondoka lini Ngorongoro kwenda Msomera? Tarehe 16 Juni 2022. Hesabuni kwa vidole. Fedha zilitangulia watu kwa miezi miwili na nusu. Na walio wengi hawakuondoka kabisa, wala mwaka ule wala uliofuata. Asubuhi watoto wao waliamka wakaenda shule zile zile ambazo fedha zake zilikuwa zimekwenda Tanga.

Simwonei wivu mtoto wa Handeni. Watoto wa Msomera, wenyeji na wageni, wanahitaji darasa. Tena pale Msomera walikuwapo watu, wakulima na wafugaji, kabla ya nyumba mpya kujengwa. Shule yao ilipaswa kupanuliwa. Lakini ya kupanulia ingetafutwa juu ya ile ya Ngorongoro. Mtu akigawa uji, hachukui bakuli la mtoto aliyekaa ampe mtoto ambaye bado yuko njiani.

Ndani ya hifadhi ile kuna jambo jingine pia. Huwezi kujenga wala kukarabati bila kibali cha mamlaka ya hifadhi. Hata wazazi wakichanga mabati wenyewe, kazi haianzi mpaka kibali kitoke. Kwa hiyo kijiji cha kule hakiwezi kufanya kama sisi, tunaosema basi, Serikali imechelewa, tujitolee. Mwezi wa Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilichapa taarifa likasema huduma za shule na za afya Ngorongoro zimepunguzwa ili watu wachoke waondoke. Serikali ilikataa, ikarudia kwamba watu wanahama kwa hiari.

Mimi ni mtumishi wa umma. Mshahara wangu unatoka Serikalini na sioni aibu kusema hivyo. Yuko atakayeniuliza kwa nini nasema mambo haya mbele yenu. Nitamjibu kwamba nimewafundisha watu hawa kusoma, nao watasoma hata yale yasiyopendeza. Hiari ya mtu nitaiamini kama shule yake bado ina chaki siku anapoamua. Ukiikausha shule kwanza, halafu ukamuuliza mzazi kama anapenda kuhama, hujamuuliza kitu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 likatoka tangazo la kufuta vijiji vya Ngorongoro katika orodha ya vijiji. Kata 11, vijiji 25, vitongoji 96. Watu walitoka barabarani kwa maelfu. Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Fikirini: kijiji kikifutwa, serikali ya kijiji haipo. Nani atakaa kwenye kamati ya shule? Nani atasimama kwenye ubao kuuliza ruzuku imekuja ngapi? Tarehe 1 Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na viongozi wa Wamasai, akasema ataunda tume mbili, moja ya ardhi na moja ya kuangalia zoezi la kuhama. Tume zikaundwa Februari 2025. Kwa hiyo kuuliza kunasaidia. Wale walisimama barabarani, wakasikilizwa, ingawa walichelewa kusikilizwa.

Nisije nikawafanya mdhani ni Tanzania peke yake. Huko Ulaya, katika nchi ya Ayalandi, wako watu wanaoitwa Wasafiri. Zamani waliishi katika magari ya kukokotwa na farasi, wakienda mji hadi mji. Serikali yao ilikuwa na walimu wa kutembelea, kazi yao kufuata familia hizo, kuzungumza na wazazi, kumpeleka mtoto shule ya karibu. Uchumi ulipoharibika mwaka 2008 wakatafuta mahali pa kupunguza. Mwaka 2011 wale walimu wakaondolewa wote. Kati ya mwaka 2008 na 2013 fedha za kuwasaidia watoto wa Wasafiri shuleni zilikatwa kwa zaidi ya asilimia 86. Nchi tajiri ile! Na siri ni ile ile. Watu wachache, wanaohama, wasio na mbunge wa kwao. Mkasi hupita pale penye kelele kidogo.

Mama mmoja hapa mbele ameninong'oneza, "Mwalimu, sasa sisi tufanye nini? Sisi si Rais." Kweli mama, wala mimi. Lakini yako mambo ya Ngombezi ambayo hayamngojei Rais.

Lipo la barua ya uhamisho. Mkihama, hata kama ni kwenda Hale tu kukata mkonge kwa miezi sita, msiondoke bila kupita shuleni. Mwambie mwalimu mkuu unahama na mtoto. Atakupa barua. Barua hiyo ibebe kama unavyobeba kadi ya kliniki, ndani ya plastiki, isilowe. Ukifika, siku ya kwanza ya shule nenda nayo. Usimtume mtoto peke yake. Nimewaambia yaliyompata mmoja aliyekuja peke yake.

Ukiikabidhi barua, usiondoke. Mwombe mwalimu akuonyeshe jina la mtoto kwenye daftari. Sasa mnajua kusoma. Zamani mwalimu angesema "tayari" nawe ungeondoka. Leo utaangalia herufi kwa herufi. Jina likiwa limekosewa, lirekebishwe pale pale. Nimeona mtoto aliyeandikwa kwa jina la babu katika shule moja na jina la baba katika shule nyingine, akawa watoto wawili kwenye karatasi, na kwenye mtihani hakuwa hata mmoja.

Halafu ule ubao. Shule inatakiwa kubandika mapato na matumizi wazazi wayaone. Someni. Kama haukubandikwa kitu, ulizeni kwa adabu, kwa kupitia kamati ya shule. Chukueni idadi ya watoto, mzidishe, mgawanye, kama tulivyofanya leo. Kama hesabu yenu na ya ubao hazilingani, msianze kupiga kelele kwamba mwalimu mkuu ni mwizi. Mara nyingi fedha zenyewe zimekuja pungufu kutoka juu, na mwalimu mkuu amekuwa akinunua chaki kwa mshahara wake bila kumwambia mtu. Muulizeni. Huenda atafurahi kupata wa kumsaidia kuuliza.

Na nyie wenyeji mnaopokea wageni. Hapa najua nitagusa kidonda. Wafugaji wakija mnakumbuka mahindi yaliyoliwa. Mna haki. Mahindi yaliyoliwa yalipwe, na serikali ya mtaa iko kwa ajili hiyo. Lakini yule mtoto wa miaka minane hakula mahindi yako. Akija shuleni asirudishwe kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake. Nimesikia katika kikao kimoja mtu akisema tusiwaandike hao, wataondoka tena. Ndiyo, wataondoka. Na mkata mkonge naye ataondoka. Na mwalimu naye atahamishwa. Siku zote watakazokuwa hapa watahesabiwa hapa.

Kwa walimu wenzangu walioko nyuma pale nina neno moja tu, nalo ni kalamu nyekundu. Kabla ya kupiga mstari, ulizeni kwanza ameenda wapi. Mpigieni simu mwalimu wa huko. Siku hizi simu iko mkononi mwa kila mtu, hata mimi wakati ule nilikuwa nayo.

Mzee mmoja amenyoosha mkono tangu muda. Karibu mzee.

(Mzee aliuliza: Kama mtoto anahama na kurudi kila mwaka, huku masika, kule kiangazi, aandikwe wapi?)

Mzee wangu, hilo ndilo swali gumu, na nitasema ukweli kwamba daftari letu halikutengenezwa kwa mtoto huyo. Limetengenezwa kwa mtoto aliyekaa mahali pamoja Januari mpaka Desemba. Kenya wamejaribu shule zinazohama pamoja na wafugaji, mwalimu na ubao juu ya ngamia au punda, na wanalo baraza la Serikali linalohusika na elimu ya wahamaji. Sisi tuna MEMKWA, ambayo ilianza mwaka 1999 kwa watoto walioikosa shule, na tuna shule za bweni chache. Bweni ni jambo zuri, lakini linataka fedha za chakula. Fedha zikichelewa, mtoto wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule ambaye nyumbani kwao kumehama. Mimi naona mtoto huyo awe na barua mbili za uhamisho kila mwaka, na shule mbili zifahamiane. Ni kazi zaidi kwa mwalimu. Lakini ni kazi ya karatasi tu, na karatasi tunazo.

Jua linazama tena, kama kawaida yetu. Jumatano ijayo nitakuwa hapa saa tisa alasiri. Aliyehamia Ngombezi mwaka huu na mtoto wake hana barua, aje. Tutaandika pamoja barua ya kwenda shule alikotoka. Mnajua kuandika, mimi nitashika kikombe cha chai tu na kusahihisha. Njooni na jina kamili la mtoto, mwaka aliozaliwa, na jina la shule ya zamani. Atakayekumbuka jina la mwalimu wa darasa, alilete pia.